Namna ya kuchagua boti ya kuvua mtoni na kushuka maji ya kasi

Hapa Bukavu, mtu akitaka boti ya mtoni huanza kuuliza urefu wake na nguvu ya moteri. Hayo ni maswali ya ziwani. Mtoni maji yatakubeba utake usitake. Kazi ya boti ni kukuwezesha kupunguza mwendo, kugeuka, na kutulia palipo samaki. Samaki wengi hawakai katikati ya mkondo wakishindana nao mchana kutwa. Wanajibanza nyuma ya mawe, kwenye maji yanayozunguka polepole, wakingoja chakula kipite. Boti isiyoweza kuingia hapo na kukaa haikufai, hata ukiifunga moteri ya farasi 40.

Hatua ya 1: Yajue maji kwanza

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa mjini, kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuingia Ziwa Tanganyika upande wa Uvira kwenye mita kama 770. Sehemu kubwa ya mteremko huo iko kabla ya mji mdogo wa Kamanyola, kwenye mabonde membamba. Huko kuna mabwawa ya umeme, Ruzizi I ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II ya mwaka 1989, na maji yanaweza kupanda ghafla hata kama mvua haijanyesha. Kwa sehemu hiyo sina boti ya kukushauri. Usishuke.

Chini ya Kamanyola mto unafika uwandani na kutulia, na hapo pa kuvua papo. Lakini ukikaribia Tanganyika kuna viboko na mamba, kwa hiyo usipeleke huko kaboti ka mtu mmoja. Tena mto huu ni mpaka: ng'ambo ni Rwanda, mbele zaidi ni Burundi. Zungumza na wavuvi wa pale na walinzi wa mpaka kabla boti haijagusa maji.

Wanaoshuka mito hupanga maji ya kasi kwa ngazi, kutoka 1 iliyo nyepesi kabisa hadi 6 iliyo ya hatari kabisa. Ukiwa na nyavu na ndoano ndani, baki ngazi ya 1 na ya 2. Ngazi ya 3 ni ya boti ya hewa, ile ya mpira inayojazwa upepo, yenye watu waliojifunza, na vyombo vya kuvulia vimefungwa.

Hatua ya 2: Tazama chini ya boti

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo boti inapojieleza. Iweke mahali pa tambarare, uchuchumae ubavuni, utazame mstari wa chini kutoka mbele hadi nyuma. Ukinyooka wote, boti hiyo itakwenda moja kwa moja ziwani bila kukuchosha, lakini mtoni itakataa kugeuka. Ukiwa umepinda kama ndizi, ncha zote mbili zikiinuka kutoka ardhini, boti itageuka upesi. Kisha sukuma ncha moja kwa mguu. Ya mtoni huzunguka juu ya tumbo lake. Ya ziwani hung'ang'ania chini.

Baadaye pitisha kiganja chini kutafuta mkuku, ule ubao mrefu wa katikati. Ziwani unasaidia upepo usikupeleke kando. Mtoni mkondo huushika, boti inalala ubavu kwa maji, na jiwe la kwanza linaipindua. Tafuta tumbo bapa lisilo na mkuku, linaloelea hata kwenye maji ya kufika magotini.

Hatua ya 3: Chagua aina

Mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, ile ya kuvua samaki wadogo waitwao sambaza usiku kwa taa, ni chombo kizuri sana cha Kivu, na mtoni haina kazi kabisa: ni mipana mno, na miti yake itanasa kwenye mawe.

Mtumbwi wa mbao unafaa uwandani, ukisukuma kwa pondo. Fundi atakuambia, "Papa, hii iko nguvu sana." Mwombe kwa heshima aumwagie maji ndani, ukae nusu saa, uone kama maungio yanatoa jasho kwa nje. Lakini ubao ukigonga jiwe kwa kasi hupasuka, na lami haizibi ufa wa aina hiyo ukiwa safarini.

Kwa maji ya kasi napendelea boti ya hewa ya mita 3.5 hadi 4.5. Ikigonga jiwe hunesa na kuendelea. Iwe na vyumba vya hewa visivyopungua vinne, kimoja kikitoboka vingine vikubebe, na sakafu yenye matundu ya kutolea maji yenyewe. Ijaze, paka maji ya sabuni kwenye maungio na vali, tafuta mapovu, kisha iache mpaka kesho yake. Asubuhi ikilegea kidogo usiogope, hewa ikipoa husinyaa. Ila ukiiacha ukingoni kwenye jua la saa sita, punguza hewa, maana itavimba mpaka maungio yaachie.

Hatua ya 4: Ijaribu ikiwa na mzigo

Maji yaliyotulia, watu wote ndani, nyavu na barafu pia. Kutoka maji hadi ukingo wa boti pabaki angalau shibiri moja. Mmoja asimame arushe wavu; wengine wakilazimika kushikilia, ni nyembamba mno.

Hatua ya 5: Makasia, kisha moteri

Boti ya mtoni inataka makasia mawili marefu na kiti katikati. Mpiga kasia hutazama anakokwenda maji. Akiona jiwe, hageuki kulikimbia: anaelekeza ncha ya mbele kwenye hatari, kwa mshazari, halafu anavuta kurudi nyuma. Boti inapunguza mwendo na kuteleza kando mpaka kwenye maji tulivu. Boti ambayo nafasi yake haikuruhusu kuvuta hivyo, iache dukani.

Ukiongeza moteri kwa uwandani, pima kimo cha ubao wa nyuma inapofungwa: sentimita 38 ni moteri ya mguu mfupi, 51 ni ya mguu mrefu. Mguu mrefu kwenye ubao mfupi utakwangua mchanga kila mara. Moteri nyingi ndogo zina pini inayokatika panga la moteri, lile linalozunguka majini, likigonga jiwe, ili gia zisivunjike; beba za akiba.

Hatua ya 6: Vya kuokoa uhai

Jile, yaani koti la kuelea, kwa kila mtu, mikanda imefungwa, na ijaribiwe ndani ya maji ikiwa juu ya nguo za kazi. Iliyokandamizwa kwa miaka huenda isielee vizuri tena. Kwenye maji ya kasi ongeza kofia ngumu, na kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20 ndani ya mfuko wa kurushia.

Nanga usiitupe kwenye mkondo wenye nguvu, na kamwe usiifunge ubavuni: maji yataivuta boti chini upande huo na kuijaza. Kwenye maji ya polepole ifunge kwenye ncha, na kisu kiwe kwenye jile lako, kwa nje, mahali mkono wowote unapofika.