Venye unaeza kutundika raundi ya Kerio kwa ukuta wa nyumba

Kila mtu akienda ile raundi ya Nakuru, Marigat, Kabarnet, Iten, Eldoret na kurudi, anapiga picha mia mbili kwa simu na baada ya wiki hakuna mtu anaziangalia. Mimi nimeizunguka mara tano sahii, na shida ya picha ni moja tu, picha haionyeshi shimo. Ukisimama juu ya bonde la Kerio tumbo inakushuka, lakini kwa picha ni majani na ukungu basi. Kwa hivyo usiprinti picha, tengeneza ramani ya plaiwudi yenye bonde lenyewe limeshuka na milima imepanda, mgeni akikaa kwa kochi mkono unaenda wenyewe kuipapasa.

Kazi inaanzia barabarani, sio kwa meza. Raundi yote inakaribia kilomita 400, ni ya siku moja ukitoka mapema, na usiianze kutoka upande wa Eldoret. Toka Nakuru saa kumi na moja na nusu, pitia Mogotio na Marigat, kwa sababu ule ukuta wa Elgeyo, ule mteremko mkali wa bonde upande wa Iten, unaangalia mashariki, ukifika Kabarnet mida ya saa mbili unapigwa na jua moja kwa moja na unaona kila mstari wa jiwe, kila shamba limening'inia. Ukija alasiri, ukuta wote umekaa kwa kivuli, unakaa kama pazia ya kijivu. Hiyo saa moja ya jua ndio utakuja kuiga nyumbani kwa taa, kwa hivyo simama, angalia wapi kunang'aa na wapi ni giza, chora kwa karatasi hata kama huwezi kuchora.

Kutoka Kabarnet kushuka mpaka daraja la Chebloch weka gia ndogo, usikanyage breki njia yote, utanusa harufu na hutaipenda. Hapo Chebloch mto Kerio unapita kwa mwamba umebana hivi, vijana wanaruka majini ukiwapatia kitu kidogo, shika watoto wako mkono. Alafu unaanza kupanda, Biretwo, Tambach, mpaka Iten kwenye mita 2,400, na kwa hizo kilomita chache umepanda zaidi ya mita 1,000 kutoka chini kwa mto.

Beba chupa za jemu zilizoisha, kama tano. Kila pahali unasimama unachota mchanga vijiko vinne, unaandika jina kwa kipande cha plasta unabandika. Marigat ni vumbi limepauka, Kabarnet ni mwekundu, ule wa Timboroa, kati ya Eldoret na Nakuru, ni mweusi mzito kama kahawa. Hii ndio rangi yako, hununui. Na kabla uache lami kuingia ndani kwa mashamba ya watu, salimia, uliza hali ya huko na uombe ruhusa, mzee wa kwanza nilimkuta karibu Biretwo aliniuliza, "Sasa kijana, mchanga unapeleka wapi, kwenu hakuna?" Nilimweleza mpaka akacheka, akanionyesha pahali pa kuchota.

Sasa kwa meza. Pima sentimita moja iwe kilomita mbili. Kutoka Nakuru kule chini mpaka usawa wa Iten ni kama kilomita 108 kwenda kaskazini, hiyo ni sentimita 54, na upana kutoka Eldoret mpaka Nakuru ni kama sentimita 45, kwa hivyo ubao wa 70 kwa 60 unatosha na kingo zinabaki. Ramani yenye mistari ya mwinuko inapatikana bure kwa intaneti, ikuze mpaka Nakuru na Iten zifikie hizo sentimita 54 alafu peleka saiba wakutolee kwa karatasi nne za A3, ubandike pamoja na selotepu.

Hapa ndio watu wengi wanakosea. Ukifuata vipimo vya ukweli, ule ukuta wote wa Elgeyo kwa ubao wako ni milimita sita tu. Sita! Unakaa chapati. Lazima udanganye kidogo, na uongo mzuri ni mara tatu. Chukua plaiwudi ya milimita sita na kila kipande kihesabu mita 400. Kitako ndio bonde, yaani Kerio chini na Marigat, juu yake unaweka kipande cha mita 1,400, alafu 1,800, 2,200 na 2,600. Nakuru, Kabarnet na Eldoret zote zinakaa kwa 1,800, Iten inapanda mpaka 2,200, na ile ya 2,600 ndio ya kule Timboroa. Nilijaribu kuzidisha mara tano pia, ikakaa keki ya harusi, nikarudi tatu.

Usinunue plaiwudi nzima. Enda kwa mafundi wa viti jua kali uulize vipande vilivyobaki, wengine wanakupatia bure ukinunua gundi kwao. Bandika karatasi juu ya mbao, kata kwa msumeno mwembamba ukifuata mstari wa mwinuko. Ukimpatia fundi akukatie na mashine ya stima ni dakika ishirini, lakini simama hapo, usiende chai. Mimi nilienda chai. Fundi alikuwa ameweka karatasi kinyume, nikarudi nikapata Iten iko upande wa Ziwa Bogoria na Kabarnet haina pahali pa kukaa, na hatukuelewana ni nani analipa. Siku hizi naandika "JUU" na "MASHARIKI" kwa kalamu kubwa kwa kila kipande.

Milima ya Tugen, ile Kabarnet imekalia, usiikate ikiwa imenyooka sana, inakaa kama mamba amelala katikati ya mabonde mawili, na ukimaliza kuibandika ndio kitu chote kinaanza kueleweka. Piga msasa kingo kidogo tu. Watu wengine wanajaza zile ngazi na putti ndio iteleze kama mlima halisi, mimi naona inaharibu, ziache ngazi, taa ikizipiga kila moja inatoa kivuli chake.

Mchanga wako uanike ukauke kabisa, uuchekeche kwa kichungi cha chai (nunua chako, usichukue cha jikoni, niliambiwa maneno), ukoroge na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo mpaka iwe kama uji wa mtoto. Paka na brashi mara mbili. Ukipaka mara moja nzito inapasuka ikikauka. Ya Marigat kwa kitako upande wa kulia, nyekundu juu ya Tugen, nyeusi kule Timboroa, na pale zinakutana pitisha brashi yenye maji zichanganyike zenyewe. Ziwa Baringo litaingia hapo juu, na Bogoria chini yake, tafadhali usizipake buluu ya bahari ya Mombasa. Baringo ni maji ya kahawia kama chai ya maziwa, Bogoria inaenda kijani.

Barabara ni misumari midogo na uzi mweusi. Toboa kwanza ndio plaiwudi isipasuke, na usihangaike kuiga kila kona. Kutoka Kabarnet mpaka Iten weka misumari karibu karibu, sentimita moja moja, uzi ujikunje kunje, lakini kutoka Eldoret kurudi iachanishe, hata sentimita nne. Mtu hajui kusoma ramani lakini ataona wapi dereva alipata shida. Alafu kuna kitu naipenda sana, ikweta. Kutoka msumari wa Nakuru pima sentimita 16 na nusu hivi kwenda juu, vuta uzi mweupe mwembamba kutoka kingo mpaka kingo. Utakata barabara yako mara mbili, Mogotio ukienda na karibu Timboroa ukirudi. Watoto wa dada yangu huwa wanabishana hapo sana.

Matunda ndio yanaleta rangi. Chini Kerio na kwa ile miteremko ya kupanda Iten ni maembe na mapapai, ukipita Januari au Februari unakuta ndoo zimepangwa kando ya lami. Mara ya kwanza nilikausha vipande vya embe halisi nikabandika na vanishi juu, yaani nilijiona msanii, wiki ya pili sisimizi walikuwa wamepanga laini kutoka dirishani mpaka Biretwo. Tumia shanga. Shanga za machungwa za ukubwa wa punje ya mtama, bandika tatu tatu kwa vikundi, usizipange kwa mistari kama jeshi. Marigat weka kijani moja kubwa ya tikitimaji na ya dhahabu ya asali, Timboroa weka nyeupe za viazi na kijani ndogo za kabeji. Shanga sitini zinatosha, ukizidisha bonde linapotea chini ya maembe.

Majina ya miji usiandike. Najua utataka. Ramani yenye majina mtu anaisoma mara moja anaondoka, isiyo na majina anakuuliza.

Ikimaliza kukauka siku mbili, tundika kwa skrubu mbili sio msumari mmoja, plaiwudi tano ni nzito. Taa ndogo iweke kando upande wa kulia, sio juu wala mbele, kulia ndio mashariki na ndio jua la saa mbili, ukiiwasha usiku Elgeyo inang'aa na nyuma ya Tugen kunabaki giza vile uliona.

Vumbi unatoa na brashi kavu ya rangi, polepole. Mgeni wangu mmoja alitaka kunisaidia usafi akapitisha kitambaa chenye maji na Marigat yote ikatoka, ikabaki mbao tupu. Ilikuwa Januari kwa bahati nzuri, nikachukua chupa ya jemu na ndoo ya maembe nikaingia barabarani tena.