Ukitaka kujifunza ukili hapa Lamu, tafuta darasa la kufumua

Hazipiti wiki mbili tatu bila mtu kuniuliza, nataka kujifunza kazi ya mkono naanzia wapi, na wengi wanakuja washaamua, wanataka kofia. Kofia za vito za kwetu, hizi za kudarizi kwa mkono, ni nzuri mashaallah, lakini kofia moja inaweza kukukalisha miezi na sindano na vile vitobo vidogo vidogo, mtu mgeni anavunjika moyo hata nusu hajafika. Kuchonga mbao nako kunataka patasi, kunataka fundi wa kukusimamia usijikate. Mi nawambia anzeni na ukili, ule mkanda mrefu wa majani unaosukwa kisha unashonwa kuwa mkeka au kikapu. Unataka miyaa (majani ya kusukia yaliyochanwa membamba), maji, mkasi na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, basi, na siku ileile ya kwanza unaona kitu kimetoka mkononi mwako.

Sasa darasa lenyewe. Usilipe kwasababu umeona picha nzuri kwa simu. Mi darasa langu la kwanza tulikua watu kama 20 na mwalimu mmoja, kila ukikosea anakupokonya anamalizia yeye, jioni nkarudi nyumbani na kikapu kizuri sana ambacho sikukisuka mimi, kesho yake nimekaa na miyaa yangu sijui hata pa kushika. Iliniuma mno, si pesa tu, nilijiona kama mkono wangu haufai. Kumbe mkono haukupewa nafasi.

Kwaiyo kabla hujalipa uliza hivi: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi (watano sita wanatosha), miyaa wanatoa wao au uje nayo, na kubwa kuliko yote, nikikosea nafanyiwa au nafumua mwenyewe? Wakikwambia utafumua, lipa hata kama bei imezidi kidogo. Mi nlijifunza kweli kwa bibi mmoja Matondoni, siku ya kwanza alinifumulisha mara nne, hakugusa kazi yangu, alikua akisuka wake pembeni na kunitazama tu, mara ya tano vidole vikaanza kwenda vyenyewe.

Matondoni ni kisiwa hikihiki, upande wa magharibi, kijiji cha mafundi wa majahazi na wanawake wasukaji. Ukienda kwa boti uliza maji kwanza, yakiwa yamekupwa unaweza kukwama kwenye mikoko. Kwa miguu au punda pia kunafika, ila toka asubuhi mapema jua halijawa kali.

Haya, kazi. Miyaa mikavu ukiisuka inavunjika, ukiiroweka sana nayo inavimba, ikija kukauka ukili wote unalegea unaacha mianya unaona mpaka chini. Ichovye kidogo, itoe, ifunge kwenye kitambaa kibichi na uwe unachomoa mmoja mmoja. Kaa chini kwenye jamvi unyooshe miguu, mezani mgongo utakuuma na huwezi kuvuta vizuri. Pale pa kuanzia mwache mwalimu akushikie, hapaelezeki kwa maneno. Ukishaanza mwendo ni mmoja, wa pembeni unaukunja ndani, juu ya mmoja chini ya mmoja mpaka ufike kati, alafu upande wa pili vilevile. Mmoja ukikaribia kuisha unachomeka mwengine juu yake, unaisuka pamoja mara tatu nne ndo unauachia ule wa zamani, vichwa vitakavyotokeza utavikata na mkasi mwisho, usivikate saa ile.

Upana ndo utakaokusumbua. Kila baada ya muda weka vidole vyako juu ya ukili upime, ukiona umeanza vidole viwili na sasa ni kimoja na nusu ujue unavuta sana, na hapo ndo unafumua, hata kama umeshaenda mbali, mana ukili usio sawa ukija kuushona mkeka unakunjamana na hakuna dawa.

Siku ya kwanza lengo lako liwe pima moja, yaani mikono yote miwili ukiinyoosha. Siku ya pili shona kitanga, kile kijamvi kidogo cha duara, zungusha ukili kuanzia kati, ukingo kwa ukingo, shazia iende taratibu. Mkeka uache kwanza, mkeka unakula pima nyingi sana.

Na faida? Mi ntakwambia nlizoziona mwenyewe. Ile saa moja baada ya alasiri simu iko mbali, kwasababu vidole vimebanwa, kichwa kinapumzika kuliko hata kulala. Unakaa na wakubwa, unasikia habari za nasaba na harusi za zamani ambazo hakuna mtu angekuita akuhadithie. Mkeka wa nyumbani ukifumuka unaushona wewe. Na bei, jamani, ukishasuka pima moja kwa mkono wako hutombana tena mama wa watu apunguze mkeka wake. Kuuza nako kupo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya 2017 vikapu vinatafutwa, lakini usianze na biashara, suka kwanza vitano sita vya kugawa nyumbani mpaka upana ukae sawa.

Darasa likiisha usikae wiki bila kushika, mkono unasahau haraka mwanzoni, hata shibiri moja kila siku inatosha. Miyaa iliyobaki ianike ikauke kabisa ndo uifunge kwenye gazeti, ukiitia kwenye nailoni ikiwa mibichi itaota ukungu na itakua meusi, na rangi ile hairudi.