Somo: Kuwawajibisha polisi kisheria wanaposhindwa kumlinda mhanga wa ukatili wa nyumbani

Polisi hawawajibiki kwa kila kipigo ambacho hawakukizuia. Mahakama hupima walichokijua na walichokifanya baada ya kukijua, na hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba polisi walijua. Kwa maoni yangu, hapa ndipo shauri hujengeka au huporomoka. Mwaka 1998, katika shauri la Osman dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliuliza iwapo mamlaka zilijua, au zilipaswa kujua, kwamba uhai wa mtu mahususi umo katika hatari ya kweli na ya karibu, kisha zikaacha kuchukua hatua zilizokuwa ndani ya uwezo wao. Kwa hiyo toa taarifa kwa maandishi, baki na nakala, na andika siku hiyohiyo namba ya taarifa, saa na jina la askari aliyeipokea. Vitisho vinukuliwe kama vilivyotamkwa, kwa kuwa "alisema atanichoma kisu nikitoka kazini" ni ushahidi mzito kuliko "ananitisha".

Hatua ya 2: Onyesha walichoacha kufanya. Tracey Thurman wa Torrington, jimbo la Connecticut, Marekani, alikuwa amelalamika polisi mara nyingi kabla ya Juni 1983, alipowapigia simu mumewe akiwa nje ya nyumba. Askari mmoja alifika takriban dakika 25 baadaye, mwanamke akiwa ameshachomwa kisu mara kadhaa. Mume aliangusha kisu chenye damu na kumpiga mkewe teke la kichwa mbele ya askari huyo, na hakukamatwa papo hapo. Mwaka 1984 mahakama iliruhusu mji ushtakiwe kwa hoja ya ubaguzi, yaani kuwapa wanawake wanaopigwa na waume zao ulinzi hafifu kuliko wanaoshambuliwa na watu baki.

Hatua ya 3: Chagua msingi wa madai, uwe uzembe, ukiukwaji wa haki za kikatiba au ubaguzi. Muulize wakili mapema kuhusu ukomo wa muda na notisi kwa serikali, maana muda ukipita hata ushahidi mzuri haukusaidii.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina amri ya ulinzi ya mahakama. Polisi wakiipuuza, nimeshinda?

Jibu: Si lazima. Mwaka 2005, katika shauri la Castle Rock dhidi ya Gonzales, ambamo baba aliwaua binti zake watatu licha ya amri kuwapo, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kwamba mama alikuwa na haki ya kikatiba ya amri hiyo kutekelezwa. Alikwenda Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ambayo mwaka 2011 iliona kuwa Marekani ilikiuka haki zake na za watoto. Nchi nyingine zina sheria kali zaidi kwa polisi.

Swali: Dada yangu alifuta malalamiko mara mbili. Polisi watajificha nyuma ya hilo?

Jibu: Watajaribu. Katika shauri la Opuz dhidi ya Uturuki, mwaka 2009, serikali ilitoa utetezi wa namna hiyo, lakini Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kadiri kosa linavyokuwa zito na hatari ya kurudiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo mashtaka yanavyopaswa kuendelea hata mhanga akijitoa. Dada yako aandike kwa nini alifuta, na kama alitishwa, ataje nani alimtisha na lini.