Kuflashi LineageOS kwenye Galaxy Tab A7, hatua kwa hatua

Galaxy Tab A7 ya inchi 10.4 ilitoka mwaka 2020 na Android 10, ikaishia Android 12. Prosesa yake ni Snapdragon 662, na wengi tuna ile ya RAM GB 3. Ikishajaa programu, hata kufungua kibodi ni kusubiri.

LineageOS ni mfumo huria wa Android, na kuuflashi ni kuuweka kifaani badala ya ule wa Samsung. Tuelewane mapema: LineageOS haiongezi RAM. Inachofanya ni kutua mizigo ambayo kifaa kilizaliwa nayo. Kwa hiyo anza kwa kufuta video za WhatsApp na programu usizozigusa, kizime ukiwashe, ukitumie siku mbili. Kikichangamka, acha hapo hapo.

Bado kinaburuta miguu? Twende.

Hatua ya 1: Jua kifaa chako. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu. SM-T500 ni ya Wi-Fi pekee, na kwa LineageOS inaitwa gta4lwifi. SM-T505 inaingia laini, inaitwa gta4l. Kwa nje ni mapacha, lakini faili zao haziingiliani. Na kama kishikwambi ni cha mwajiri, mfano vile vya sensa ya 2022 ya Tanzania vilivyogawiwa walimu baadaye, usikiguse. Si mali yako.

Jua pia unachopoteza. Data zote zitafutika. Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, itakatika na haitarudi hata ukirejesha mfumo wa Samsung. Programu nyingine za benki zitagoma, na huduma za filamu zinaweza kukushushia ubora wa picha.

Hatua ya 2: Maandalizi. Hamisha picha na nyaraka. Ondoa akaunti ya Google, la sivyo kikishajifuta kitakudai nywila ya zamani. Chaji ipite nusu. Tumia kebo ya data. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikilaumu draiva, kumbe kebo niliyoazima ilikuwa ya kuchajia tu.

Hatua ya 3: Fungua butiloda, yaani programu inayowasha mfumo na kuzuia mifumo isiyo ya Samsung. Kwenye taarifa za programu (Software information), gonga namba ya muundo (Build number) mara saba, kisha ingia chaguo za wasanidi (Developer options) na uwashe "OEM unlocking". Zima kifaa. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti huku ukichomeka kebo iliyoungwa kwenye kompyuta. Onyo likitokea, kandamiza sauti ya juu kwa muda, kisha ukubali.

Kikiwaka upya, kiunganishe na intaneti, rudi chaguo za wasanidi, uhakikishe "OEM unlocking" bado imewashwa. Usiruke hapa. Kisipoingia mtandaoni, kinaweza kukataa rikavari unayotaka kuweka, yaani kimfumo kidogo cha kusakinishia mfumo mkuu.

Hatua ya 4: Weka rikavari. Kwenye ukurasa rasmi wa LineageOS wa modeli yako, pakua rikavari na mfumo wenyewe. Soma pia toleo la Android la Samsung linalotakiwa kuwemo kwanza, na kama unahitaji faili la vbmeta (linalohusu ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwaka). Mimi natumia Heimdall, programu ya kompyuta ya kuandika faili kwenye vifaa vya Samsung, kwenye Linux. Rudisha kifaa kwenye hali ya upakuaji (ile iliyoleta onyo katika Hatua ya 3) kwa vitufe vile vile, kisha:

`heimdall flash --RECOVERY recovery.img --no-reboot`

Wa Windows watumie Odin, programu ya kazi hiyo hiyo: faili la .tar kwenye sehemu ya AP, na waondoe tiki ya "Auto Reboot".

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kifaa kikiwaka kwenye mfumo wa zamani hata mara moja tu, mfumo ule unaifuta rikavari yako na kurudisha ya kwake. Kwa hiyo usichomoe kebo. Shikilia sauti ya chini na pawa hadi skrini izimike, na papo hapo hamishia kidole kwenye sauti ya juu bila kuachia pawa. Ukichelewa, rudia hatua hii yote. Mimi huwa nafanya mazoezi ya vidole kabla, na sioni haya.

Hatua ya 5: Mfumo. Ndani ya rikavari chagua "Factory reset", ufute data. Rudi, chagua "Apply update", halafu "Apply from ADB". Kwenye kompyuta yenye ADB (programu ya kutuma amri na faili kwa kebo) andika `adb sideload` ikifuatiwa na jina la faili la zip. Kompyuta ikikwamia 47% na kusema "Success" au "No error", usishtuke, hiyo imekubali.

Hatua ya 6: Google au bila Google? Ukiitaka Play Store, weka MindTheGapps (kifurushi cha programu za Google) kwa `adb sideload` vile vile sasa hivi, kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Rikavari ikilalamikia sahihi (signature) ya faili, kubali iendelee. Ushauri wangu kwa GB 3: iache. Huduma za Google hufanya kazi chinichini muda wote, na wepesi ulioutafuta utaurudisha ulikoutoa. Kwa kusoma PDF, kuperuzi na VLC, F-Droid, duka la programu huria, inatosha.

Sasa kiwashe. Mara ya kwanza huchukua muda. Kikipita dakika 15 kwenye nembo, rudi rikavari, futa data tena, uwashe.