Sikiliza Mara Tatu Kabla ya Kuchora Kava

Mwimbaji akiniletea flashi yenye nyimbo zake, karibu kila mara huja pia na picha: amevaa suti, ameegemea gari au amesimama ufukweni. Picha naipokea, naiweka pembeni, kwa sababu ninachotaka kwanza ni nyimbo. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za kaseti Kariakoo, nilipokuwa nakata kadi kwa mashine ya mkono, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwambia hivi: usifungue programu ya kuchora kabla hujasikiliza albamu nzima mara tatu, kwa mpangilio wake.

Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili kaa na karatasi uandike vitu. Nasema vitu, maana upendo, uchungu na matumaini havichoreki. Ukivilazimisha utaishia kwenye moyo mwekundu na jua linalozama. Andika kinachoshikika: kikombe, ufunguo, kamba ya mashua, redio ya babu. Mara ya tatu tia alama kwenye kitu kinachorudi.

Miaka michache iliyopita nilipewa albamu ya nyimbo tisa za mpiga gitaa mmoja, mzaliwa wa Tabora. Alitaka sura yake mbele, nyuma yake bluu. Kwenye karatasi yangu tiketi ilikuwa imetajwa katika nyimbo nne. Nikamuuliza. Kumbe baba yake alikuwa msafiri wa Reli ya Kati, na zile tiketi ndogo za kadi ngumu, zilizotobolewa na mkaguzi, mama alizitunza kwenye kopo la maziwa.

Kuchora tiketi mbele ya kava ni kazi ya saa moja. Sisi tulihangaika wiki mbili ili kava lenyewe liwe tiketi. Tulichagua kadi nene ya rangi ya udongo, bila lamineshi, yaani ile plastiki nyembamba ya juu, ishike vidole kama kadi ya zamani. Mbele hapakuwa na picha yoyote, ni jina la albamu, namba, na tundu moja la duara. Ndani ya tundu unaona njano. Ukichomoa bahasha ya ndani, ile njano inageuka dirisha la behewa usiku, na nyuma ya kioo ameketi yeye. Orodha ya nyimbo tuliipanga kama ratiba ya vituo, dakika za kila wimbo zikikaa mahali pa saa ya kufika. Siku nilipompa mfano wa kwanza aliichomoa bahasha, akairudisha, akaichomoa tena. Habari ya bluu haikutajwa tena.

Waliotutangulia walilijua hili. Mwaka 1973 santuri ya Catch a Fire ya Bob Marley na The Wailers ilitoka katika kava lenye umbo la kiberiti cha chuma cha Zippo: unainua kifuniko, na ndani mna moto. Kwa kuwa kila moja liliunganishwa kwa mkono, yalitoka 20,000 tu, kisha ikaja picha ya kawaida. Basi uliza bei ya kutoboa na kukunja kabla hujamwahidi msanii. Mwaka huohuo bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd ilitoa The Dark Side of the Moon. Wengi wanakumbuka kioo cha pembetatu na mwanga unaopasuka kuwa rangi. Mimi napenda kinachotokea ukilifungua kava kama kitabu: mstari wa rangi unaendelea ndani na kuwa mapigo ya moyo, na santuri yenyewe inaanza na kuisha kwa mapigo ya moyo. Jicho na sikio vinaambiwa habari moja.

Ninayemrudia zaidi ni Lemi Ghariokwu wa Lagos, mchoraji wa makava ya mwanamuziki Fela Kuti. Kwenye kava la Alagbon Close ya 1974 Fela anacheza, mnyororo umekatika, na majini nyangumi anapindua mashua ya polisi. Fela alikuwa amewekwa ndani pale Alagbon, mahabusu ya polisi mjini Lagos, na kava linasema nani ameshinda hata kabla sindano haijagusa santuri. Lemi alikuwa akishinda nyumbani kwa Fela. Nyimbo alizijua zikiwa bado mbichi. Nenda studio, kaa kwenye mazoezi.

Kwa upande wa maandishi, shule yetu ni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Jina ni fupi, la herufi kubwa, na unalisoma mvaaji akiwa anatembea. Aina mbili za herufi zinatosha. Majina ya waliorekodi, shukrani na namba za simu vikae nyuma au ndani.

Sasa vipimo. Kava la CD lina sentimita 12 kila upande, la santuri kama 31, na picha ya mtandaoni tengeneza ya pikseli 3000 kwa 3000. Kwenye simu, picha hiyo ya mtandaoni itaonekana ndogo kuliko kidole gumba, kwa hiyo ipunguze hadi ukubwa huo uone kama wazo bado lipo. Acha milimita 3 za ziada kila ukingo kwa ajili ya kisu cha kukatia. Kompyuta inaonyesha rangi kwa mwanga, mashine inachapa kwa wino wa rangi nne. Kijani kikali na chungwa ndivyo hupoa zaidi kwenye karatasi. Na mkunjo uuheshimu. Nikiwa mgeni wa kazi hii niliidhinisha kadi 500 za kaseti, na mkunjo ukapita katikati ya jicho la mwimbaji. Tangu siku hiyo sipeleki faili popote bila kuchapa mfano wa kipimo halisi, nikaukata na kuukunja kwa mikono yangu.

Mfano huo mpe mtu ambaye hajasikia hata wimbo mmoja, usimweleze lolote, umuulize anadhani ndani mna nini. Ule wa tiketi nilimpa mama anayetuuzia chai. Alifuta mikono, akachungulia kwenye tundu, akatoa bahasha.

"Huyu kasafiri," akasema, "na huko nyumbani wanahesabu siku."

Jioni ile nikapeleka faili kiwandani.