SOMO: Kupima mafuta ya mbono kaburi dhidi ya nta ya mafuta ghafi

Nimechoka kujibu "nitie mafuta gani ya mimea ili nta ya mafuta ghafi isigande bombani?" Pima kwanza. Somo hili ni la mafuta yenye nta nyingi, mfano ya Ziwa Albert, Uganda, ambayo ndiyo sababu bomba la Hoima (Uganda) hadi Chongoleani (Tanga), kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa joto.

1. Chuja mafuta ya mbono, yakaushe. Vaa glovu, yana sumu.

2. Tenganisha maji na mafuta ghafi.

3. Futa historia ya joto. HAPA ndipo wengi huharibu. Pasha mafuta ghafi nyuzi 80 kwa saa 2, ndani ya maji moto, kamwe si kwenye moto wa wazi. Ukiishia nyuzi 45, fuwele za zamani za nta hubaki na kila sampuli itakupa jibu lake. Ukiacha chupa wazi, sehemu nyepesi huruka, mafuta yanazidi kuganda, kisha unalaumu mbono. Tumia chupa inayostahimili shinikizo, uache robo tupu, na usiifungue ikiwa moto.

4. Gawa mafuta ghafi, gramu 200 kila chupa. Tia mbono gramu 0.1, 0.2 na 0.4, yaani sehemu 500, 1,000 na 2,000 kwa milioni.

5. Acha chupa moja ya mafuta ghafi bila kuitia kitu. Nyingine tia dizeli gramu 0.4, uone kama ni kuzimua tu.

6. Mafuta nyuzi 50, bomba la chuma lenye maji ya nyuzi 25 likiwa katikati, koroga saa 4. Toa bomba, lidondoke dakika 5, kwangua nta, ipime.

7. Nta ya chupa isiyotiwa kitu toa nta ya chupa yenye mbono, gawanya kwa nta ya chupa isiyotiwa kitu, zidisha kwa 100: hiyo ni asilimia ya nta iliyopungua. Bonyeza nta pia: nta kidogo lakini ngumu husumbua kuisafisha bombani.

MASWALI

— Mkuu, nikitia 10% si itafanya kazi zaidi?
— Hapo umezimua tu. Hatua ya 5 umeiruka?

— Nina mafuta ya nazi.
— Yanaganda yenyewe kwenye nyuzi 24 hivi. Soma uzi kabla ya kuuliza.

— Mkuu, kwenye 2,000 nta yangu iliongezeka kuliko 1,000. Kwa nini?
— Swali zuri. Mkia wa asidi ya mafuta iliyomo kwenye mbono huingia kwenye fuwele ya nta, kichwa chake huzuia fuwele jirani kushikana. Ukizidisha, ziada inaweza kuganda pamoja na nta. Angalia pia maji yaliyobaki: asidi huru ikikutana na kalsiamu huzaa sabuni isiyoyeyuka, nayo hujibandika. Pima asidi ya mbono wako, na urudie chupa ya 2,000 mara mbili kabla ya kuamini.

— Na mafuta ya nyonyo?
— Hayayeyuki vizuri kwenye mafuta mepesi ya petroli yakiwa baridi. Yayeyushe kwanza kwenye toluini (kiyeyusho cha petroli), kisha chupa ya kulinganisha nayo itiwe toluini ileile.

— Huku Mtwara maganda ya korosho yamejaa, vipi mafuta yake?
— Hayo yajaribu dhidi ya asfaltini, ile sehemu nzito nyeusi ya mafuta ghafi; ni tatizo tofauti na nta. Kwenye mafuta ghafi ongeza heptani (kiyeyusho chepesi cha petroli) kidogo kidogo, dondoshea karatasi ya chujio kila mara; doa likianza kuwa na kiini cheusi, asfaltini imeanza kujitenga. Ukihitaji heptani nyingi zaidi kuliko bila mafuta ya korosho, yanafanya kazi. Yakiwa mabichi huunguza ngozi, kwa hiyo glovu nene.