Jinsi ya kulinganisha nadharia za uhusiano wa kimataifa: tutumie Vita vya Kagera

Wanafunzi wengi ninaowafundisha huanza insha ya ulinganisho kwa kumwaga fasili: uhalisia ni hiki, uliberali ni kile. Kurasa tatu zinakwisha na hakuna kilicholinganishwa. Nadharia zilinganishe kwa kuzibana na swali moja.

Hatua ya 1: Tunga swali. "Vita vya Kagera" ni mada tu. Swali ni hili: kwa nini majeshi ya Tanzania hayakuishia mpakani? Oktoba 1978 askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda, waliivamia Tanzania, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Mapema 1979 ardhi hiyo ilikuwa imekwisha kukombolewa. Hata hivyo JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, lilisonga mbele, na Kampala ikaanguka Aprili 11.

Hatua ya 2: Iache kila nadharia ijitetee. Mhalisia atasema: juu ya dola hakuna hakimu, na Amin akiachwa atajipanga upya arudi. Tena Libya ilimpelekea askari. Jibu zito hilo, usilidharau.

Mliberali ataangalia taasisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuulaani uvamizi. Hapo anaeleza vizuri kwa nini vita viliwezekana; safari ya Kampala haielezi sana.

Konstraktivizimu huuliza viongozi walijiona nani, na walimwonaje jirani yao. Tangu mapinduzi ya 1971 Nyerere alikataa kukaa meza moja na Amin, akampa hifadhi Obote, rais aliyepinduliwa. Mwaka 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Kampala. Rudi nyuma zaidi: mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, wakati serikali nyingi za Afrika zilishikilia kwamba mipaka isiguswe. Kwa kiongozi huyu, mamlaka ya dola hayakuwa kinga ya mtawala anayeua raia wake.

Nadharia ya utegemezi, inayoangalia jinsi nchi maskini zinavyotegemea uchumi wa nchi tajiri, ina machache hapa, ingawa marufuku ya Marekani ya mwaka 1978 dhidi ya kahawa ya Uganda inastahili aya moja.

Hatua ya 3: Tafuta kinachoikwamisha kila moja. Hapa ndipo penye alama. Kama hofu tu ndiyo iliyowasukuma, kulinda mpaka kungekuwa nafuu kwa nchi maskini. Na kama ni kuchukia dhuluma, mbona Tanzania ilikaa miaka saba, na mwaka 1972 ikakubaliana na Amin kule Mogadishu?

Hatua ya 4: Soma hati moja kwa makini. Chukua hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978, aliposema uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin vyote vipo. Uwezo ataudaka mhalisia, nia ni ya mkonstraktivisti. Sababu wataigombania: ni ardhi iliyoporwa, au ni aina ya mtawala aliyeipora?

Hatua ya 5: Toa hukumu. Yangu ni hii: bila uvamizi jeshi lisingetoka, na hapo uhalisia unashinda. Kutoka Mutukula, pale mpakani, hadi Kampala nampa ushindi mkonstraktivisti, kwa sababu msimamo wa Biafra ulikuwapo miaka kumi kabla ya vita. Ukitaka kunipinga kwa hoja ya Libya, anza na tarehe: askari wake wangapi walikuwa Uganda kabla JWTZ halijavuka mpaka, na wangapi walikuja baadaye?